Nafuu

Vigingi kwanza, Daktari Tima.
Cheupe: mpira umetoka nje ya dunia.
Rudi ulipopigia, ongeza pigo, usinitazame mimi.
Chekundu, au cha manjano, ni eneo la adhabu,
ila ukiuona mpira, na ukiwa na moyo wa kutota,
ingia uupige humohumo kwenye tope, bure.
Wengi hawalijui hilo.
Wanalipa kabla hawajadaiwa.

Mimi Thoya wa Jefwa nabeba mifuko hapa Malindi
tangu ukame ule, kijani kilipokuwa kijani kwa jina tu.
Baba alibeba kabla yangu. Zama zake
mpira wa nafuu uliangushwa kutoka begani,
mkono umenyooka kama wa shahidi anayeapa.
Siku hizi ni gotini.
Nilipompa habari alicheka hadi akakohoa:
"Kumbe hata sheria huzeeka, ikainama."

Na za kutafuta zilikuwa dakika tano. Sasa tatu.
Tatu, daktari, chini ya mikilifi hii
ambako kila kifuniko cha chupa, kwa mbali, ni mpira.

Juzi tumbili alishuka,
akauokota wa Bwana Ezio, akaunusa,
akaukataa, akautupa mchangani.
Mzee wa watu alifoka kwa Kitaliano, kwa Kiswahili,
kwa mikono.
Nikamwambia: urudishe ulipokuwa, hudaiwi kitu.
Nitajie korti nyingine
ambako kosa la tumbili halimwangukii mtu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wanapotereza.
Mpira umekwama kwenye bomba la maji,
au kwenye shimo alilochimba fuko:
nafuu ni ya bure. Lakini ni ya pahali pa karibu,
si pahali pazuri.
Kama pa karibu ni nyuma ya mti,
mti huo ni wako.

Mama alipolazwa, kila aliyeingia wodini
aliuliza, "Umepata nafuu?"
Naye akajibu, "Kidogo,"
siku alipoweza kutoka kitandani hadi dirishani,
urefu wa fimbo moja.
Dirisha lenyewe latazama ukuta.

Mwezi ule ndio nilioteleza mimi.
Kulikuwa na mkubwa mmoja wa hoteli, jina nalihifadhi.
Mpira wake ulilala nyuma ya jiwe la matumbawe.
Hakuniambia neno. Alikohoa tu,
na mguu wangu ukakielewa kikohozi.
Akachukua kikombe. Mimi nikachukua elfu mbili,
nikapita famasi kabla haijafungwa.
Mama akapata nafuu.
Ile sijui niiite ya bure au ya adhabu.
Najua tu kwamba kwenye kadi ya siku ile
mapigo mawili hayajaandikwa mpaka leo,
na kalamu nilikuwa nayo sikioni.

Basi ukifika mahali ukaona haiwezekani,
mpira umebanwa na mizizi, fimbo haina pa kupita,
sema: hauchezeki.
Hakuna refa wa kumngoja. Wewe ndiwe wa kusema.
Utatozwa pigo moja kwa ukweli huo,
na kwa bei za siku hizi hiyo ni nafuu.

Haya, mchangani sasa. Usiuguse mchanga
nyuma ya mpira, usijaribujaribu. Tuliza mabega.
Mimi nageuka kidogo, jua limenikaa machoni.

Wasemaje?

"Umesogea. Nimeugusa kwa fimbo."

Kiasi gani?

"Punje ya mchele."

Mimi sikuona, daktari.
Bwana Ezio yuko kule anafuta miwani.
Tumbili wamelala.

"Andika moja, Thoya.
Na unioneshe pa kuurudisha."